Watoto Wasiosikia Nyenje

Mshono ule ulimfikia Dakta Navoneiwa Mbwambo Jumanne asubuhi, chai ya tangawizi ikiwa bado inafuka mezani, na ukurasa wa kwanza wote aliusoma bila kuona cha ajabu.

Alikuwa na mwaka wa tisa katika kazi ile. Taasisi yao, iliyojengwa nje kidogo ya mji wa Same, ilikuwa na mashine moja iliyosoma kila utafiti ulioandikwa na wanazuoni wa nchi nzima, wa fani zote, kuanzia tasnifu za wanafunzi hadi vitabu vya maprofesa. Jina lake rasmi lilikuwa refu mno, hata walioliunda hawakulikumbuka. Watu waliiita Mshonaji. Kazi yake ilikuwa kutafuta mahali ambapo watafiti wasiojuana, kila mmoja akiwa amejifungia katika chumba cha fani yake, walikuwa wakizungumzia jambo lilelile bila kujua. Ilipopapata, ilizishona kurasa zao pamoja na kuuleta mshono kwa binadamu. Hivyo ndivyo utafiti wa namna mama lishe wa Tabora wanavyopanga foleni za wateja ulivyokutana na utafiti wa kupitisha dawa katika mishipa myembamba ya damu, na wagonjwa wakapona. Na mtu aliyetumia ujana wake wote kuchunguza mikunjo ya kanga alijikuta uzeeni akialikwa kwenye uzinduzi wa daraja.

Lakini Mshonaji haikuruhusiwa kutangaza kitu. Sheria ilitaka kila mshono usomwe na mtu mmoja, katika muda usiozidi siku thelathini, naye aandike moja kati ya mawili: unasomeka, au hausomeki. Akiandika la kwanza, mshono ulikwenda papo hapo wizarani, vyuoni na magazetini, pamoja na majina ya watafiti wote. Akiandika la pili, uzi ulikatwa, na mashine haikuzikutanisha tena kurasa zile.

Mshono wa Jumanne ile ulikuwa na kurasa za watu wanne.

Wa kwanza alikuwa mwanaisimu wa Dodoma, aliyekaa miezi kumi na minne katika vijiji vya juu vya Upare. Aliandika kwa furaha kubwa kwamba lahaja mpya imezaliwa. Watoto wa huko hawakutamka s wala f wala sh kama wazee wao. Sufuria kwao ilikuwa huhuria. Fisi alikuwa hihi. Wa pili alikuwa mtaalamu wa wadudu. Yeye aliwahoji wanafunzi mia sita wa vijiji vilevile, wakamwambia hawajawahi kusikia nyenje wakilia, hivyo akaandika kwamba nyenje wametoweka milimani. Vinasa sauti alivyovitundika mitini vilikuwa vimejaa kelele za nyenje kila jioni, lakini akaamua kwamba vinasa sauti ndivyo vilivyokuwa na hitilafu. Wa tatu alikuwa mwanaakiolojia aliyechimba makaburi ya kale. Alitaka meno ya utoto ya watoto wa siku hizi ili ayalinganishe na ya wale wa zamani, akayakusanya shuleni. Katika tanbihi ya sitini na moja alisema kwamba meno ya siku hizi yana punje za madini asiyoyajua, ndogo kuliko vumbi, akaongeza: pengine ni dawa ya meno.

Navoneiwa alitabasamu kidogo kwa ile "pengine". Kisha akafungua ukurasa wa nne.

Ulikuwa wa kemia. Ulihusu rangi nyeupe inayopakwa kwenye mabati, ambayo huvuta ukungu wa milimani na kuugeuza maji. Mwandishi wake alikuwa Profesa Elinihaki Mbwambo.

Baba yake.

Chini ya kurasa hizo Mshonaji ilikuwa imeandika maelezo mafupi, kwa ile lugha yake isiyo na haraka wala huruma. Rangi hububuka kidogo kidogo kwa jua. Punje zake hupita katika chujio lolote. Mtoto anayezinywa kabla ya kutimiza miaka miwili huzipata ndani kabisa ya sikio, na zile nywele laini zinazosikia sauti nyembamba hufa zote. Baada ya miaka miwili njia hiyo hujifunga, na maji hayamdhuru tena mtu. Kinachokufa hakirudi. Watoto walioathirika hadi sasa: takriban elfu sabini na nane. Wanaoongezeka kwa siku: kumi na wawili.

Alisoma mara tatu. Sheria ilikuwa wazi kuhusu jambo hili pia: msomaji akikuta jina la ndugu yake, auachie mshono mwenzake siku hiyohiyo. Navoneiwa aliinuka, akaenda hadi mlango wa Bi Kokuhirwa, mkuu wa wasomaji, akabisha.

"Karibu, Dakta. Mbona umekosa rangi hivyo?"

"Nataka ruhusa ya kwenda uwandani. Kuna mshono nahitaji kuuhakiki kwa macho yangu."

"Unahusu nini?"

"Watoto," alisema Navoneiwa, na jina la baba yake hakulitaja.

*

Kijiji cha Mvureni kilikuwa juu kabisa, mahali ambapo barabara inachoka. Kila paa lilikuwa jeupe kama maziwa. Chini ya kila paa palikuwa na mfereji, na mwisho wa mfereji tangi, na chini ya tangi koki. Migomba ilisimama hadi mlangoni mwa nyumba. Mtu aliyepita hapa miaka thelathini iliyopita, wakati wa ukame mkubwa, angefikiri amepotea njia.

Mwalimu mkuu, Zebedayo Kiondo, mtu wa miaka hamsini na tisa, alimpokea kwa mikono miwili.

"Binti wa Profesa! Karibu sana. Ungetuambia mapema tungekuandalia hata kuku. Huyu mzee wetu, tunaambiwa Jumamosi chuo kikuu kinampa maabara jina lake?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Anastahili. Mimi mama yangu aliishia korongoni akiwa na ndoo kichwani. Wanangu hawajui hata njia ya kwenda huko."

Navoneiwa aliinamisha macho. Akamwomba dakika kumi tu na darasa la sita. Njiani Mwalimu Zebedayo alimweleza, kama mtu anayetubu, kwamba shule yake inashika mkia wilayani katika imla. "Tumefanya semina, tumeita wazazi, tumewatandika hasa. Ni uvivu tu. Unamwita mtoto kwa jina, anakupa kisogo."

Walikuwa wanafunzi arobaini na watatu. Navoneiwa aliweka spika ndogo mezani, akawaambia: "Nitapiga sauti. Ukiisikia, nyoosha mkono. Usimtazame mwenzako."

Kwanza akapiga ngoma. Mikono yote ikanyooka, na vicheko. Akapiga mlio wa ng'ombe. Mikono yote. Kisha akapiga sauti ya nyenje, ileile iliyonaswa na yule mtaalamu wa wadudu katika miti iliyokuwa nyuma ya shule hii hii, na akaongeza sauti hadi yeye mwenyewe akahisi meno yakimsisimka.

Mwalimu Zebedayo, akiwa mlangoni, alinyoosha mkono papo hapo, akacheka kwa kujisahau. "Hao nyenje! Wana kelele hao!"

Darasani hakuna aliyenyoosha. Watoto walimtazama Navoneiwa kwa adabu, wakisubiri aanze.

Halafu mkono mmoja ukapanda, nyuma kabisa. Ulikuwa wa msichana mwenye sare mpya. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona yuko peke yake, akaushusha kwa aibu.

"Yule ni nani?" Navoneiwa aliuliza kwa sauti ya chini.

"Amehamia mwaka jana kutoka Singida." Mwalimu hakuwa anacheka tena. Alikuwa akiwatazama wanafunzi wake mmoja mmoja, na mkono wake, uliokuwa bado hewani, ulishuka polepole kana kwamba si wake. "Dakta. Hii spika yako ni nzima?"

"Ni nzima, Mwalimu."

"Hebu ipige tena."

Akaipiga tena. Mwalimu akatoka nje, akasimama akiwa amegeuza uso ukutani.

*

Alimkuta baba yake barazani, jua la saa tisa likimpiga miguuni, akipaka kiwi viatu vya Jumamosi. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Mikono ilitetemeka lakini kiatu kilikuwa kimeng'aa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Navo. Umekuja kunichagulia tai?"

Hakujua aanzie wapi, basi akamkabidhi kurasa. Mzee akavaa miwani. Alisoma kama alivyosoma siku zote, kidole kikifuata mstari, na alipofika kwenye tanbihi ya sitini na moja kidole kikasimama. Kikakaa pale muda mrefu.

"Bismuthi," alisema hatimaye. "Huyu kijana hakuijua, lakini ni bismuthi. Yangu." Akavua miwani. "Mpaka umri gani?"

"Miaka miwili."

"Na sauti nene wanazisikia?"

"Wanazisikia. Ndiyo maana hakuna aliyegundua. Wanasikia kwamba umesema, ila hawapati maneno yote."

Mzee aliikunja miwani. Kisha aliinuka, akaingia ndani kwa hatua zake fupi, akarudi na bahasha iliyobadilika rangi. Akampa bila kumtazama.

Ilikuwa barua ya muuguzi mmoja wa zahanati ya Mvureni, ya miaka kumi na mmoja iliyopita. Aliandika kwa mwandiko wa mviringo kwamba watoto anaowapima hawageuki akichezesha funguo, ila akipiga meza wanageuka. Watoto wa kijiji cha bondeni, kisichokuwa na mabati meupe, wanageuka kwa yote mawili. Alikuwa akiuliza tu. Aliomba radhi kwa kumsumbua mtu mkubwa.

"Ulimjibu?"

"Nilimjibu kwa adabu sana. Nilimwambia ni uchafu wa masikio, awashauri kina mama." Mzee aliketi. "Sikuwa nadanganya, Navo. Niliisoma, nikaona ni mambo ya masikio. Haikuwa fani yangu."

"Lakini hukuitupa."

"Hapana," alisema. "Sikuitupa."

Navoneiwa alitaka kukasirika, na hasira ilikuja kweli, lakini ilimkuta mzee aliyeshika kiatu kimoja na kusahau kingine, ikakosa pa kukaa.

"Utaandika nini?" baba aliuliza.

"Sijui. Sheria inasema nisiandike kabisa. Nimpe mwenzangu."

"Andika hausomeki."

"Baba!"

"Nisikilize kwanza. Usidhani ni kwa ajili ya maabara. Hilo jina walifute, waandike la mbuzi wakitaka." Sauti yake ilikuwa imepata nguvu ya zamani, ya ukumbi wa mihadhara. "Ukiandika unasomeka, kesho kutwa wizara itaamuru mabati yang'olewe. Wataleta malori ya maji, na picha zitapigwa. Mwezi mmoja. Miwili. Halafu malori yataacha kuja. Unajua ukame ule ulizika wangapi? Mimi najua, maana niliwahesabu makaburini. Mtoto asiyesikia sauti nyembamba anakua, anaoa, anazeeka. Yule wa korongoni hakukua. Nipe miaka miwili nitengeneze rangi isiyobubuka. Tubadilishe bati kwa bati, kimyakimya, bila mtu kurudi kule."

"Watoto kumi na wawili kila siku, baba. Kwa miaka miwili."

"Naweza kupiga hesabu."

"Na una miaka themanini na mmoja."

Mzee alichukua kiatu cha pili, akakiweka chini bila kukipaka.

"Umemwuliza nani?" Navoneiwa aliendelea, machozi yakimtoka sasa bila yeye kuyazuia. "Pengine mama mmoja atasema heri asiyesikia kuliko kiu. Pengine mwingine atasema atatembea mpaka korongoni kwa ajili ya miaka miwili hiyo. Wewe unawaamulia tena. Yule muuguzi alikuuliza tu. Wao hata kuuliza hawajapata nafasi."

Mzee alitazama viatu vyake. Kule bondeni mtu alikuwa akikata kuni, na sauti ya shoka iliwafikia ikiwa imechelewa. Alipozungumza tena ile sauti ya ukumbini ilikuwa imeondoka.

"Utaandika lini?"

"Kesho saa sita mchana. Naandika na jina langu, na kwamba wewe ni baba yangu. Watanifukuza, wacha wanifukuze. Nikimpa mwingine atachukua siku zake thelathini, na hiyo ni watoto mia tatu na sitini."

"Basi asubuhi nipeleke Mvureni," alisema. "Wasije wakasikia redioni."

*

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule saa nne asubuhi. Watu walikuja wamevaa vizuri, kwa sababu mwalimu mkuu aliwaambia tu kwamba Profesa anakuja. Kina mama walipiga vigelegele alipokuwa akisaidiwa kushuka garini. Navoneiwa alisikia kila kigelegele kama kofi.

Baba yake hakutumia kurasa. Aliwaambia kwa Kipare, maneno ambayo hata mtu asiyesoma angeyaelewa: kwamba rangi ya mabati inabubuka, kwamba kinachobubuka kinaharibu masikio ya watoto wachanga, kwamba kilichoharibika hakitarudi, na kwamba miaka kumi na mmoja iliyopita mtu alimwandikia naye hakusikiliza. "Huyo mtu alikuwa muuguzi wenu. Alikufa bila kupata jibu la kweli. Nimekuja kuwaomba radhi, na najua radhi hainyweki."

Vigelegele vilikuwa vimekufa zamani. Vijana wa nyuma waliwageukia wakubwa wao, wakiuliza mzee amesema nini, na wakubwa wakashindwa kuwajibu.

Bibi Nakundwa, mjane wa karibu miaka sabini, ndiye aliyeinuka kwanza. Alisimama kwa kushika bega la jirani yake.

"Profesa, mimi sikulaani," alisema. "Nimebeba maji ya korongo miaka thelathini, nimezika wanangu wawili kwa kiu na kuhara. Mabati yako yalipokuja nilicheza ngoma. Lakini nina mjukuu. Namlea mwenyewe. Namtuma chumvi analeta chungu, namwambia funga mlango anaacha wazi. Nimemchapa. Nimemchapa kwa ukaidi tangu ana miaka minne, Profesa, kwa fimbo ya mpera, na juzi tu nimemchapa." Akamwonyesha kiganja chake. "Hiyo unairudishaje?"

Mwalimu Zebedayo, aliyekuwa amesimama kando, alikaa chini palepale kwenye vumbi na suti yake, akafunika uso.

Hakuna aliyerusha jiwe. Navoneiwa alikuwa amejiandaa kwa mawe. Watu walianza kutawanyika mmoja mmoja, wakiwashika watoto wao mikono kwa nguvu isiyo ya kawaida. Saa sita kamili, akiwa ameegemea gari, aliandika kwenye kifaa chake neno moja, unasomeka, chini yake jina lake, na chini ya jina, undugu wake na mwandishi wa ukurasa wa nne. Akatuma. Dakika chache baadaye Bi Kokuhirwa alipiga.

"Navoneiwa, umefanya nini? Unajua siwezi kukulinda."

"Najua, Bi Mkubwa."

"Wizara wamesema malori yako njiani. Matatu."

"Vijiji ni sitini na kimoja."

"Najua," alisema Bi Kokuhirwa, na sauti yake haikuwa ya mkuu wa kazi.

Alipokata simu alimkuta mama mmoja kijana amesimama mbele yake, mtoto wa miezi minane mgongoni, amelala. Alijitambulisha kwa sauti ya chini: yeye ni Mama Elitumaini, nyumba yake ile pale ya pili.

"Dakta, nimeelewa yote aliyosema Profesa," alisema. "Ila nimeanza kumpa uji mwezi uliopita. Uji wa jioni hii niupikie maji gani?"

Navoneiwa alimtazama. Miaka tisa ya kusoma fani zote za nchi, na hapakuwa na ukurasa hata mmoja wa kumjibu.

"Sijui," alisema. "Nina madumu mawili ya maji ya Same garini. Lete chombo."

Mama Elitumaini alileta ndoo na chupa ya lita moja, akaitanguliza chupa. Wakati inajaa, Navoneiwa aliinua macho akaona kina mama wengine wanakuja kutoka njia zote, wenye watoto mgongoni, wenye mimba, wakiwa na chupa, vikombe, sufuria. Hawakusukumana. Walijipanga foleni. Baba yake alishuka garini, akajishika mlangoni, akaomba kikombe, akaanza kuwapimia kwa mikono yake inayotetemeka, na kila aliyepokea alimwambia "ahsante, Profesa" kwa mazoea, na kila mara alipoambiwa hivyo maji yalimwagika kidogo.

Dumu la pili liliisha kwa mwanamke wa ishirini na sita. Waliobaki walisimama kidogo, kisha wakaanza kurudi.

Mama Elitumaini, aliyekuwa amebaki akitarajia maji zaidi, aliondoka wa mwisho, ndoo tupu mkono mmoja na ile chupa mkono mwingine. Alipofika kwake alisimama chini ya paa jeupe. Alikuwa na watoto wengine watatu, wakubwa, wenye kiu. Akafungua koki ya tangi, akajaza ndoo. Kisha akachana uzi mwekundu kwenye ncha ya kanga yake, akaufunga shingoni mwa ile chupa ya uji wa mtoto, mafundo mawili, asije akasahau akakosea, akavibeba vyote viwili ndani.